Bandama Nayo Ina Namba Yake

Kama una maharage jikoni, punguza moto kwanza, maana leo nina maneno.

Nataka tuzungumze kuhusu mwili wa binadamu unavyoonekana ndani ya simu na kompyuta. Ndiyo, mwili huu huu: moyo, maini, figo, bandama, mifupa yote. Siku hizi kuna programu ambazo ukizifungua unamwona mtu mzima amesimama kiooni. Ukiigusa ngozi, inavuka. Ukiigusa misuli, inaondoka. Unamzungusha, unamtazama kisogoni, ukipenda unaingia mpaka ndani ya vyumba vya moyo wake. Na kila kiungo unachokigusa kinakupa habari zake: kinaitwaje, kimepakana na nini, kinapatwa na maradhi gani. Ni ajabu kuangalia. Lakini nikuambie mapema, msikilizaji, kilichonileta leo siyo picha. Ni majina. Lishike neno hilo, majina, tutalirudia.

Jumamosi moja nilikuwa Maneromango, wilayani Kisarawe. Njia mnaijua: unatoka Dar es Salaam kwa Pugu, unaingia Kisarawe mjini, kisha unaendelea na barabara ya ndani, mikorosho huku, miembe kule, mihogo katikati. Nilikuwa nimekaribishwa kwa jamaa zangu. Palikuwa na kijana anayesomea utabibu, amekuja likizo, na simuni ana programu ya namna hii ninayoisema. Akataka kumwonyesha bibi yake. Bibi akaweka ungo wa mchele kando, akavaa miwani.

Kijana akamvua ngozi yule mtu wa kwenye simu. Bibi akaruka: "Astaghafirullah, mmemchuna!" Tukacheka. Alipozoea, akasogea karibu, akauliza swali lake.

"Mume wangu, hebu nionyeshe mshipa."

"Upi, bibi? Ipo mingi."

"Mshipa. Ule wa mwenzio, marehemu babu yako."

Kijana akatafuta. Akaleta mishipa myekundu, ile inayotoa damu moyoni. Bibi akatikisa kichwa. Akaleta ya buluu, inayoirudisha. Siyo. Akaleta ya njano, mishipa ya fahamu. Bibi akakunja uso. "Hizo nyuzi zote za nini? Mshipa wa babu yako ulikuwa kama papai, mpaka suruali zikamshinda, akawa mtu wa kanzu."

Hapo ndipo tukaelewa sote. Bibi alikuwa anasema busha.

Sasa nikuulize, nani alikosea pale barazani? Bibi? La. Sisi watu wa Pwani neno mshipa tunalitumia kwa mambo mengi. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano inayokaza shingoni, ngiri, busha, vyote vimewahi kuitwa mshipa. Kijana naye hakukosea, alileta alichofundishwa. Simu je? Simu haina habari kabisa kwamba duniani kuna neno mshipa. Ilikuwa inajibu kwa majina ya Kilatini na Kiingereza, na kijana ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Tena subiri, kuna jambo tamu hapa. Mabusha mengi ya Pwani yanatokana na minyoo inayoitwa Wuchereria bancrofti, hiyo hiyo ya matende, inayoletwa na mbu. Minyoo mikubwa ya aina hiyo hukaa wapi? Hukaa ndani ya mishipa ya limfu, na kwa wanaume hupenda sana mishipa ya kwenye mfuko wa korodani. Mishipa ikiharibika, maji hujikusanya. Basi yule mzee wa kale aliyeliita busha mshipa hakuwa mbali na ukweli hata kidogo! Mkoa wetu wa Pwani unaujua ugonjwa huu kuliko mingi. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kuuzuia ulianzia Mafia, mwaka 2000. Neno la bibi lilikuwa na elimu ndani yake. Ila elimu ile imelala, haijaunganishwa na kitu chochote kwenye ile simu.

Kuunganishwa. Hilo ndilo neno la pili la leo. La kwanza majina, la pili kuunganishwa.

Programu hizi zinafanyaje kazi? Nitasema kwa lugha ya barazani. Picha unayoiona ni nguo tu. Ndani yake kuna daftari. Daftari moja maarufu lilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani. Wataalamu wa pale waliandika sehemu za mwili moja moja, kubwa na ndogo, mpaka zikapita 70,000, na kila sehemu wakaipa namba. Moyo ni 7088. Ini ni 7197. Bandama, jirani yake kwenye daftari, ni 7196.

Namba ya nini? Fikiria mtaani kwenu kuna akina Juma wangapi. Juma fundi baiskeli, Juma wa dukani, Juma mtoto wa mwalimu. Ukitaka mkopo benki, wanakuuliza jina? Wanakuuliza namba ya NIDA. Jina linaweza kufanana, jina linaweza kubadilika, mtu anaweza kuitwa Juma nyumbani na Jumanne shuleni, lakini namba ni yake peke yake. Basi 7196 ni namba ya NIDA ya bandama. Mjerumani aiite kwa Kijerumani, Mjapani kwa Kijapani, mwingine hapa kwetu aiite wengu, wote wakitaja namba hiyo wanazungumzia kitu kile kile kilichokaa upande wa kushoto chini ya mbavu.

Namba peke yake haitoshi. Daftari linaandika pia udugu. Hapa nikukumbushe jambo unalolijua vizuri. Msibani au harusini, huwa kuna mzee mmoja anayejua koo zote. Vijana wawili wakisalimiana kama wageni, yeye anawasimamisha: "Ninyi hamjuani? Mama yako ni mtoto wa fulani, fulani alizaliwa tumbo moja na babu wa huyu. Ninyi ni ndugu." Hakuna aliyemwambia kwamba vijana wale wawili ni ndugu. Amejumlisha mwenyewe kutokana na vipande vidogo: huyu mtoto wa yule, yule ndugu wa huyu.

Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Inapewa sentensi fupi fupi. Chumba cha kushoto ni sehemu ya moyo. Moyo ni sehemu ya kifua. Yenyewe inajumlisha: chumba cha kushoto kimo kifuani. Kisha daftari jingine, la maradhi, linaongeza: ugonjwa huu hushika kiungo kile. Daftari la vinasaba linaongeza: ugonjwa huu hutoka kwenye kinasaba kile. Daftari la dawa linaongeza la kwake. Madaftari hayo yameandikwa na watu tofauti, nchi tofauti, miaka tofauti, lakini kwa sababu kila kitu kina namba, yanasalimiana kama wale vijana wa msibani na kugundua kuwa ni ndugu. Mzee wa koo akikosea jina moja tu, mirathi inakwenda kwa mtu asiyehusika. Ndiyo maana wataalamu hawa wanahangaika na namba.

Picha nazo? Picha zilikuja kuvishwa baadaye. Wajapani walitengeneza mkusanyiko unaoitwa BodyParts3D: walianza na mwili wa mwanamume Mjapani aliyepigwa picha za MRI, wakachonga kila kiungo peke yake kwa kompyuta, halafu kila kipande wakakipachika namba ya lile daftari la Seattle. Wakauachia ulimwengu uvitumie. Wengine wakavichukua, wakatengeneza programu ya bure inayoitwa Z-Anatomy. Kwa hiyo namba ya Marekani, umbo la Japani, na mtu yeyote popote anaweza kuishusha bila kulipa. Sisi mchango wetu uko wapi? Nitarudi hapo.

Kwanza tuulize: huyu mtu wa kwenye simu ni nani hasa?

Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwili wa mwanamume mmoja, zilizokatwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa milimita moja, kuanzia utosini mpaka unyayoni. Zilikuwa tabaka zaidi ya 1,800. Mtu huyo alikuwa Joseph Paul Jernigan, mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu huko Texas mwaka 1993, naye aliuacha mwili wake kwa sayansi. Mwaka uliofuata, 1995, ukatolewa mwili wa mwanamke wa miaka 59, safari hii tabaka zikiwa nyembamba zaidi, thuluthi moja ya milimita. Programu nyingi za kwanza za mwili zilijengwa juu ya watu hao wawili.

Na je, unajua nini kilikosekana kwa yule mwanamume? Kidole tumbo. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji kikaondolewa. Mwili uliotazamwa na madaktari wengi namna ile hauna kidole tumbo! Ukimtegemea yeye peke yake, utadhani binadamu hatukuumbwa nacho.

Kila picha ya mwili huacha kitu. Wazaramo wa huku kwetu Pwani wanalijua hilo tangu zamani. Mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichokuwa anapewa mwali, kina kichwa na msuko wake, kina kiwiliwili, kina matiti, kina kitovu. Mikono hakina. Miguu hakina. Mchongaji alikuwa hajui kwamba mtu ana mikono? Alijua. Alichonga kilichohusu somo la mwali, kingine akakiacha, na aliyefundishwa alijua kusoma kilichoachwa. Sasa ile picha ya kwenye simu inakuja imekamilika, inang'aa, inazunguka, na mtazamaji anadhani hakuna kilichoachwa. Hapo ndipo mimi naiogopa kidogo.

Tuje kwenye mfano mmoja, nataka tukae nao. Bandama. Namba gani? 7196, nimefurahi unakumbuka.

Kwa Kiswahili chetu, bandama ni kiungo, lakini pia ni ugonjwa. Mama anasema, "Mtoto wangu ana bandama." Daktari asiyetoka kwetu anaweza kujibu, "Kila mtu anayo." Mama anamaanisha imevimba, tumbo la kushoto limejaa. Katika nchi zenye malaria, watoto wengi walivimba bandama kwa homa za mara kwa mara, mpaka kiungo na ugonjwa vikashirikiana jina. Lugha imehifadhi historia ya malaria, bila kitabu.

Lakini kuna mtoto mwingine ambaye bandama yake inavimba kwa sababu tofauti. Ni mtoto mwenye sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika wataalamu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu. Bandama ni chujio la damu. Chembe zilizopinda zinakwama kwenye chujio. Wakati mwingine zinakwama nyingi kwa mpigo: bandama inavimba ghafla, mtoto anapauka, analegea, na hapo ni kumkimbiza hospitali, siyo kusubiri asubuhi. Ndiyo maana kliniki huwafundisha kina mama kumpapasa mtoto chini ya mbavu za kushoto, ili waijue bandama yake kwa vidole. Mama huyo hana programu yoyote. Ana mkono wake na jina la kiungo.

Kisha, miaka inavyokwenda, bandama hiyo hiyo inachakaa, inasinyaa, mara nyingi kabla mtoto hajafika darasa la kwanza inakuwa haifanyi kazi tena. Mtoto asiye na chujio anashambuliwa kirahisi na vijidudu vya nimonia. Ndiyo sababu anapewa penisilini kila siku katika miaka yake mitano ya kwanza, na chanjo hazirukwi.

Umeuona huo mnyororo, msikilizaji? Penisilini, nimonia, bandama, chembe za damu. Vuta pete moja zaidi: chembe zinapinda kwa sababu ya kinasaba kimoja kwenye kromosomu ya 11, ambacho herufi yake moja tu imebadilika. Vuta nyingine: anayerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui, tena anakingwa na malaria kali. Hilo liligunduliwa huku kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu. Akaona kinasaba cha sikoseli ni kingi Pwani na kingi kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni kichache. Mahali gani pana mbu wa malaria? Pwani na ziwani. Akaweka ramani mbili pamoja kichwani, na mwaka 1954 akatangaza uhusiano wake. Mtu huyo aliunganisha madaftari bila kompyuta!

Leo kompyuta inaweza kukuonyesha mnyororo mzima kwa kugusa bandama kiooni. Unagusa kiungo, unapata ugonjwa, unapata kinasaba, unapata dawa. Na kazi ya namna hiyo inafanyika nyumbani. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli, na maelfu wameandikwa katika kumbukumbu zao, kliniki upande mmoja, maabara ya vinasaba upande mwingine. Nani atasema haya ni mambo ya ng'ambo? Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye sikoseli duniani. Mnyororo ule umepita kwenye nyumba zetu.

Lakini umeandikwa kwa lugha gani? Tumerudi kwenye majina.

Mtoto wa Maneromango anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua ini, anajua figo, anajua kongosho. Akifika kidato cha kwanza, viungo vile vile vinabadilika majina usiku mmoja, somo ni Kiingereza. Akibahatika kufika chuo cha utabibu, anaongezewa Kilatini. Kisha anapangiwa zahanati, anarudi kwa bibi, na bibi anamwambia mshipa. Mtu mmoja, lugha tatu, na programu inajua mbili tu.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno. Si kweli. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na hata bila kamusi, hesabu mwenyewe: utosi, kisogo, kwapa, kinena, kigimbi, kidakatonge. Kuna mahali panaitwa chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo. Kila mtu anajua pako wapi, na mgonjwa akiweka kidole hapo, mganga mzoefu anajua aanzie wapi kuuliza.

Tabu siyo uhaba. Tabu ni kwamba lugha yetu imeukata mwili kwa mistari tofauti. Chukua mkono. Kwa Mswahili mkono unaanzia begani unaishia kwenye ncha za vidole. Mwingereza anaukata kifundoni, kila kipande na jina lake. Mtafsiri wa haraka ataandika mkono hapa na mkono pale, na kompyuta itapewa namba mbili zenye jina moja. Wale akina Juma wamerudi! Afanyeje? Aandike kitanga, aandike kiganja, aamue. Na tumbo je? Tumbo ni fumbatio zima, ni mfuko wa chakula, ni mimba, na wale waliozaliwa tumbo moja nao wamo humo. Kazi hii haifanywi na mashine peke yake. Mimi nimejaribu tafsiri za mashine kwa majina ya viungo, na nimesikitika. Inataka mtaalamu wa mwili akae na mtaalamu wa lugha, na nesi mwenye miaka thelathini ya wodini awe katikati yao, kwa sababu yeye ndiye anayejua wagonjwa wanasema nini.

Mtu ataniuliza, huko Maneromango umeme ukikatika na bando likiisha, programu ya nini? Swali zuri. Zipo zinazofanya kazi bila intaneti ukishazishusha, na simu moja kwa darasa zima inasaidia kuliko mchoro wa ubaoni ambao moyo unafanana na embe. Ila sitaki mtu auze mbuzi kununua programu. Za kulipia ni nzuri, lakini programu huja na kupita. Google walitoa yao ya mwili Desemba 2010, watu wakashangilia, mwaka uliofuata ikafungwa na maumbo yake yakabaki kwa kampuni iliyoyachora. Aliyekuwa ameitegemea kufundishia akabaki na kioo kitupu. Namba zile za Seattle bado zipo. Ndiyo maana nasisitiza majina na namba kuliko urembo wa picha.

Na huku kwetu daftari lipo tayari, mnalijua. Ukiingia zahanati nyingi, mhudumu anafungua kitabu kikubwa cha MTUHA, anaandika umri, kijiji, ugonjwa. Taarifa zile zinajumlishwa, zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kusambaa Tanzania nzima mwaka 2013. Ugonjwa pale unaandikwa kwa orodha maalumu. Bibi akisema mshipa, mhudumu anaamua ni mstari upi. Akiamua vibaya, Kisarawe itaonekana haina mabusha, na mpasuaji hatapangwa kuja. Unaona jina linavyoweza kuondoa daktari?

Neno moja la tahadhari kabla sijaenda mbali. Kuunganisha taarifa ni kuzuri mpaka siku inapokuunganisha wewe. Mjini ukiandika "mwanamume, miaka 72, busha" hakuna anayejua ni nani. Kitongojini ukiandika hivyo, watoto wa shule watamtaja jina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: taarifa zangu zinakwenda wapi, nani atazisoma? Uliza, usione haya.

Sasa, msikilizaji, nilisema nitarudi kwenye mchango wetu. Nimerudi.

Kijana mwenye bando, hasa wewe unayesomea utabibu, uuguzi au ualimu wa biolojia: kuna hazina ya wazi inayoitwa Wikidata, ilianza mwaka 2012, na yeyote anaruhusiwa kuiongezea. Humo kila kiungo kina ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo zimewekwa zile namba, pamoja na ya Seattle. Kuna nafasi ya jina kwa kila lugha, na Kiswahili kimo. Tafuta kiungo kimoja. Tazama kama jina la Kiswahili lipo, na kama lipo, ni sahihi? Kama halipo, liandike. Kama kiungo kina majina mawili, bandama na wengu, yaweke yote, nafasi ya majina mengine imewekwa kwa ajili hiyo. Usibuni. Ukikwama, waulize Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ndiyo kazi yao tangu 1967.

Nanyi mama zangu na bibi zangu msio na habari na Wikidata, ninyi ndio wenye mali. Jioni hii mwite mjukuu na daftari lake. Mwonyeshe kwa kidole: hapa panaitwa chembe cha moyo, hapa kinena, hapa ndipo bandama hukaa. Kama Kizaramo kina jina lake, mtajie na hilo, aandike kama unavyolitamka wewe, siyo kama alivyosikia redioni. Na usisahau kumwambia mshipa ni vitu vingapi.

Yule bibi wa Maneromango alimwambia mjukuu wake amwandikie, na ukurasa wa kwanza tayari una majina kumi na manne. Wewe je, kalamu ipo?